Breki ya Kaka Obadiah

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimesimama nje ya geti la hospitali, miguu mitupu, mimi Sylus Mwadime niliyewavisha viatu nusu ya mji wa Voi.

Kwa yule aliyeazima gazeti leo kwa kinyozi, nitamrudishia kwa ufupi. Nilikuwa na kibanda cha viatu vya mitumba katika soko la Voi. Ugonjwa wangu una kupanda na kushuka. Siku moja ulipanda vibaya, nikafungua kibanda, nikawaita watu waje wachague bure, Mungu amesema. Walikuja. Walipanga foleni kwa adabu kuliko foleni ya maji, na jioni nilikuwa nimebaki na mbao na misumari. Walipokwisha kuchukua ndipo wakakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa. Wakanifunga mikono kwa leso ya marehemu mama, wakanipeleka hospitali.

Angalieni mpango wao ulivyokuwa. Kwanza viatu, halafu leso.

Haya, tuendelee.

Aliyekuja kunichukua getini ni kaka yangu mkubwa, Obadiah. Alikuja na patapata mpya mkononi, akaziweka chini mbele ya miguu yangu.

"Vaa, mwanedu, ndugu yangu. Twende nyumbani."

Nililia pale pale barabarani, na sioni haya kusema. Katika watu wote wa mji huu waliotembea na ngozi zangu miguuni, ni mmoja tu aliyeniletea mimi kiatu, na alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Nyumbani kwetu ni Sagalla, mlimani. Nilipofika niliwakuta wazee wa ukoo wamekaa wananingoja. Obadiah akawaeleza: ufunguo wa kibanda anao yeye, laini yangu ya simu yenye pesa zangu anayo yeye, na vyote atavitunza mpaka nipone.

"Na nikipona?" nikauliza.

"Nani atasema umepona?" mzee mmoja akaniuliza. "Wewe? Ulituambia u mzima siku ile ile uliyogawa viatu."

Ni kweli niliwaambia hivyo, tena nikicheka.

Obadiah ndiye aliyeleta suluhu. Kuna darasa mjini, mtaa wa Mwakingali, katika ukumbi wa kanisa. Muuguzi mstaafu aitwaye Madam Gertrude anawafundisha watu wenye maradhi ya akili namna ya kushika pesa zisiwashinde. Nikimaliza, na Madam akitamka kwamba nimefaulu, Obadiah atanikabidhi ufunguo na laini mbele ya watu wote. Wazee wakakubali. Mimi nikakubali mara mbili.

Maana kibanda kile, wasomaji wangu, ndicho kilichonipa jina. Nikiwa nacho niliitwa Sylus wa Viatu. Bila hicho nilikuwa Sylus Yule Mwendawazimu, na jina kama hilo halikupi hata kikombe cha chai kwa mkopo.

Darasa lilikuwa kila Alhamisi. Tulikuwa watu wazima, wengine wana wajukuu, tumekalishwa kwenye viti vya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yakitufika kidevuni. Kila mmoja alipewa makopo matatu ya mafuta ya kupikia na bakuli la maharagwe. Maharagwe ndiyo pesa. Kopo la kwanza ni Chakula, la pili ni Dawa, la tatu ni Kesho.

"Pesa zimeingia!" Madam Gertrude anapiga makofi. "Gawa!"

Tunagawa. Ronald kutoka Mbololo, jirani yangu wa upande wa kulia, alimimina yote kwenye kopo la Chakula.

"Ronald, dawa utanunua na nini?"

"Madam, dawa bila chakula inanitoboa tumbo. Na haya maharagwe mkimaliza kuyachezea, naomba niende nayo nyumbani."

Sisi tulicheka. Madam hakucheka. Alimfungia maharagwe yote kwenye gazeti, akambebesha. Moyo wa mama yule ni safi, na nawaomba mlikumbuke hilo tukifika mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaribia kulisahau.

Kushoto kwangu alikaa Mwanamvita. Wazee wake walitoka Pwani zamani wakafungua duka hapa Voi, na babake alipofariki aliwaachia yeye na kakake Harith nyumba za kupangisha mtaa wa Sofia. Mwanamvita husikia sauti. Wakati mmoja sauti zilimwambia noti zake zina najisi, akazifua kwa sabuni, akazianika kwenye kamba uani. Upepo ukazizoa. Majirani walimsaidia sana kuziokota, ila hawakumsaidia kuzirudisha.

"Kaka Sylus," aliniambia siku ya kwanza, "wewe uligawa kwa mkono, mimi niligawa kwa upepo. Sote wawili ni wakarimu, tumuombe Mungu atusamehe."

Nilimpenda papo hapo, kama dada.

"Na kodi za nyumba nani anashika?" nikamuuliza.

"Kaka Harith."

"Zinafika?"

"Huniambia zinafika." Akatazama kopo lake la Kesho. "Sijawahi kuziona lakini."

Madam alimfundisha mbinu yake peke yake. Kabla hajatoa pesa kwa sababu ya jambo alilolisikia, ajiulize kwanza: sauti hii imetoka ndani au imetoka nje? Mwanamvita alikuwa hodari. Hata sisi tukimwita nyuma alikuwa anasimama kwanza, anafikiri, halafu anasema, "Nje," ndipo anageuka.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa breki.

"Mnaijua ile barabara ya kuteremka kutoka Wundanyi?" Madam akatuuliza. "Ukiiteremka bila breki, unajua utakakolala. Sasa nanyi kila mmoja atachagua mtu wake wa breki, leo, akiwa mzima. Mtu huyo akiziona dalili zako atasema neno moja tu: breki. Ukilisikia, unampa simu, unaketi, unanyamaza. Vitu vyako vyote anavishika yeye mpaka kliniki ijayo, daktari akuone. Hakuna kubishana."

"Na akiwa amekosea?" Mwanamvita akauliza.

"Daktari atajua. Lakini kubishana, mwanangu, mara nyingi ndiyo dalili yenyewe."

Tukaitikia kwa kichwa, sote. Lilikuwa jambo la maana na hata leo nasema ni la maana, likiwa mkononi mwa mtu wa maana.

Mimi nilimchagua Obadiah. Mwanamvita alimchagua Harith. Wiki iliyofuata watu wetu wa breki waliitwa ukumbini pamoja na wazee wa koo zetu, na kila mwanafunzi alisimama mbele ya mtu wake akamtajia dalili zake kwa sauti, wote wasikie. Madam alitaka tusione aibu.

"Nikianza kupanda," nikamwambia Obadiah, "silali vizuri. Naongea haraka haraka. Nacheka ovyo. Na nikikatazwa jambo, naanza kuona ndugu zangu wananidhulumu."

"Hiyo ya mwisho," Obadiah akasema. "Irudie, mwanedu, nisije nikaisahau."

Nikairudia. Nikaongeza na sauti, maana nilitaka wazee wasikie nilivyo mkweli. Darasa likanipigia makofi.

Katika maisha yangu ya biashara niliwahi kununua robota zima la viatu vya mguu wa kushoto. Lakini hasara ile ilikuwa cha mtoto. Siku hii nilimsokotea mtu kamba, nikampimia na shingo yangu, nikamuuliza kama imemtosha.

Mtihani wa mwisho ulikuwa siku ya soko. Unashika pesa zako mwenyewe, unamtajia Madam utakachonunua, unaingia sokoni, unatoka na kile ulichotaja. Mtu wako wa breki anakufuata kwa nyuma kidogo.

Nilitaja unga, sukari na sabuni. Njiani nilipita mbele ya kibanda changu. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli langu lile lile. Nikaligusa tu, basi. Obadiah akakohoa nyuma yangu, nikaondoa mkono.

Muuza mboga mmoja akaniona. Akainua mguu juu ya kreti ya nyanya ili nimwone vizuri. Alikuwa amevaa viatu vyangu vya kahawia, ngozi laini, vile nilivyokuwa nawafichia wateja wa ofisini.

"Sylus! Umepona? Vile viatu ulinipa ni vizuri lakini vinanibana hapa kwa kidole. Huna saizi kubwa kidogo?"

Watu wakacheka.

"Wewe ngoja apandwe tena," mwingine akamwambia. "Utachagua saizi zote."

Wakacheka mpaka wa kwenye samaki. Damu ilinijaa masikioni. Nilitamani kumvua viatu vile pale pale, nimwache ajikwae kwenye nyanya zake. Nikameza mate.

"Vijaze gazeti lililoloa maji, uviache vikauke," nikamwambia. "Vitapanuka."

Nikaenda kununua sabuni yangu. Nyuma yangu Obadiah naye alikuwa anacheka. Nilimsikia vizuri, nikajiambia anacheka kwa furaha ya kuniona nimefaulu.

Nilirudi ukumbini na unga, sukari na sabuni, na chenji yote. Madam Gertrude akanikumbatia.

"Sylus, umefaulu. Alhamisi ijayo unachukua ufunguo wako."

Alhamisi ikafika. Nilivaa shati la marehemu baba. Nilipiga pasi hata leso ya mfukoni. Ukumbi ulijaa: wazee walishuka kutoka Sagalla, pasta alikuja na kwaya, na majirani walikuja kwa ajili ya soda.

Obadiah alikuja na pikipiki mpya. Kiti chake kilikuwa bado kimefunikwa plastiki ya dukani.

"Ya nani, kaka?"

"Ya jirani," akasema. "Nimeazima."

Nikaingia kupanga viti. Nilipoinama nikajikuta nasoma miguu ya wageni, mazoea ya kazi hayo. Raba nyeupe za mwanakwaya mmoja, zangu. Buti za mzee wa kanisa, zangu. Pasta alikuwa amevaa vyeusi vya kufunga kamba, vinang'aa, na hivyo nilivikumbuka kuliko vyote, kwa sababu siku ile aliondoka na pea tatu na akaniombea. Nikajiambia, Sylus, viatu vilikwenda, leo kibanda kinarudi. Nikatoka nje kupunga hewa kidogo kabla ya sherehe.

Nje, karibu na mfereji wa bomba, nilimwona Mwanamvita ananawa. Mfereji haukuwa na maji, kwa hiyo Harith alikuwa anammiminia kwa jagi. Hatua chache kutoka kwao Obadiah alikuwa anaagana na mwanamke mmoja mwenye mkoba mkubwa. Hakuniona. Aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele, na yule mwanamke akaja upande wangu.

"Wewe ndiye Sylus?" akasema, na akanipa mkono kwa furaha. "Mimi naitwa Koki. Nauza nguo. Pole na ugonjwa, lakini umefanya vizuri kuachilia kibanda. Kaka yako ameniambia unarudi kulima Sagalla, upate kutulia."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Kibanda gani?"

"Si hicho chako cha viatu? Nimemalizia kumlipa sasa hivi." Akanionyesha ufunguo. Ulikuwa na uzi mwekundu niliouzungushia kwa mkono wangu. "Wacha nikimbilie basi la Mombasa, nikalete marobota. Nikirudi nitakutafuta uniambie habari ya paa, nasikia linavuja."

Akaenda zake. Hakuwa na kosa lolote, mama wa watu.

Nikageuka. Mwanamvita alikuwa amesimama akinitazama, mikono inamdondosha maji. Harith hakunitazama. Aliendelea kumimina jagi mpaka maji yakaisha, na alipoona yameisha akaendelea kuliinamisha vivyo hivyo.

Niliingia ukumbini. Madam Gertrude alikuwa tayari mbele.

"Na sasa, tunamwita kaka yake Sylus aje amkabidhi ufunguo wake!"

Makofi. Obadiah akasimama, akanyosha mikono anikumbatie.

"Kaka," nikamwambia polepole, "ufunguo uko wapi?"

"Tulia kwanza, mwanedu. Tuombe."

"Umemuuzia Koki kibanda changu."

"Koki yupi?"

"Huyo wa nguo! Ametoka hapa sasa hivi, ana ufunguo wenye uzi mwekundu."

"Yuko wapi?" Obadiah akatazama mlangoni, na watu wote wakatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Amekimbilia basi la Mombasa."

"Amekimbilia basi la Mombasa," Obadiah akarudia, taratibu, akiwageukia wazee kwa huzuni.

Jamani. Ukweli wote ulikuwa kinywani mwangu, na kila nilipoutema ulitoka umevaa nguo za wazimu. Nikaanza kuongea haraka. Nilisikia mwenyewe naongea haraka, na kadiri nilivyojisikia ndivyo nilivyozidi. Nikasema habari ya pikipiki, habari ya plastiki, habari ya Sagalla na kulima. Nikacheka, kicheko cha uchungu, lakini nani hupima kicheko?

"Ananidhulumu!" nikapiga kelele. "Huyu ni ndugu yangu na ananidhulumu, kama nyinyi mlivyonidhulumu! Pasta, hivyo viatu vya nani? Tazameni miguu yenu! Vyote hivyo ni vyangu!"

Watu wakarudisha miguu chini ya viti, kila mmoja kimya kimya.

Obadiah alikuwa anahesabu kwenye vidole, wazi, kila mtu amwone. "Hajalala, macho mekundu hayo. Anaongea haraka. Anacheka. Na ndugu zake wanamdhulumu." Akamtazama Madam Gertrude, na naapa alikuwa na machozi. "Madam, alinitajia mwenyewe. Hapa hapa."

"Najua," Madam akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwepo."

Nilikuwa na jina la Harith tayari kwenye ulimi. Muulizeni Harith, alikuwa pale mferejini, alisikia yote. Pumzi moja tu ilibaki nilitamke.

"Breki," Obadiah akasema.

Mlangoni wanaume wawili wa kwaya walikuwa wamekwisha kusimama. Mmoja wao alikuwa ameshika leso mbili zilizokunjwa vizuri. Mtu haji na leso kwenye sherehe ya kukabidhi ufunguo, ila kama ameambiwa aje nazo. Nikajua basi kwamba jambo hili lilipangwa kabla sijapiga pasi shati.

Njia zilikuwa mbili. Nibishane, nifungwe, nirudi wodini, na kibanda kiende. Au ninyamaze, niwe mzima mbele ya wazee, na kibanda kiende. Nikaikumbuka leso ya mama ilivyonikata vifundo vya mikono. Niliogopa, kusema kweli. Niliogopa kuliko nilivyokasirika.

Nikatoa simu. Nikamwekea Obadiah mkononi. Nikaketi, nikaweka mikono magotini, nikanyamaza.

Wakapiga makofi. Ndiyo, wasomaji wangu, walipiga makofi wakasimama, na kwaya ikatia vigelegele. Mzee yule wa Sagalla akasema, "Kumbe darasa linasaidia!" Madam Gertrude alikuwa anajifuta machozi.

"Mmeona?" aliwaambia wageni. "Zamani angefungwa. Leo amejifunga breki mwenyewe. Huyu ndiye mwanafunzi wangu bora tangu nianze."

Niliibiwa mchana, mbele ya wazee wa ukoo, nikapigiwa makofi, halafu wakaniletea soda.

Makofi yalipopoa, kiti kimoja upande wa kushoto kilikwaruza sakafu. Mwanamvita alikuwa amesimama.

"Madam, mimi nimesikia."

Madam akamgeukia kwa upole ule ule. "Umesikia nani, mwanangu?"

"Nimemsikia huyu Obadiah. Pale mferejini. Alimwambia yule mwanamke, 'Usijali, leo nitampiga breki, hatakusumbua tena.'"

Mtu akacheka nyuma. Halafu mwingine.

"Mwanamvita," Madam akasema, "kumbuka tulivyofundishana. Sauti hiyo imetoka ndani, au imetoka nje?"

Mwanamvita akasimama akafikiri, kama anavyofanya siku zote. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, na watu waliuona muda ule kuwa ni kuchanganyikiwa.

"Nje, Madam. Imetoka kinywani mwake. Na kaka Harith alikuwa pamoja nami, muulizeni."

Sasa macho yote yakamwendea Harith. Mimi nilimwona pale kwa macho yangu, jagi mkononi. Alijua kila neno. Kama kuna mtu angenirudishia kibanda changu, ni yeye, na kwa sentensi moja.

Obadiah akamsogelea, akamwinamia sikioni, lakini nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ukimwacha aseme habari zangu leo, kesho atauliza habari za kodi zenu. Fanya kazi yako."

Harith akasimama. Alikohoa. Alimtazama dadake, halafu akatazama sakafu.

"Mwanamvita," akasema kwa kumbembeleza. "Breki, dadangu."

Mwanamvita hakuketi. Wala simu hakutoa.

"Kaka Harith, wallahi wewe ulikuwa nami pale."

"Breki, nimekwambia."

"Ulikuwa ukinimiminia maji! Maji ya kunawa, kaka! Vipi hukusikia?"

"Madam, mnaona," Obadiah akasema. "Huyu sasa anabishana."

Wale wawili wa mlangoni wakaanza kuja. Yule wa mbele alikunjua leso huku akitembea, na miguuni alikuwa na raba zangu nyeupe. Mwanamvita aliwaona wanakuja, akarudi nyuma mpaka akagonga meza ya makopo, maharagwe yakamwagika ukumbi mzima. Hapo akanigeukia mimi.

"Kaka Sylus, waambie. Wewe ulimwona Harith pale. Waambie hilo moja tu."

Leso zilikuwa mbili. Nilizihesabu tena. Nikisema neno moja, breki yangu imevunjika, na ya pili ni yangu. Nikinyamaza, mimi ni mwanafunzi bora.

Mwanamvita alikuwa ananitazama, si kwa kuomba, bali kama mtu aliyekwisha kujua kwamba nitasema. Nikafungua kinywa.

Madam Gertrude akaniwekea mkono begani, mkono wa joto, wa mama.

"Usijibu, Sylus," akaninong'oneza. "Unaendelea vizuri sana."